Hashuki Mpaka Aitwe

Siku tuliyomzika baba yetu, katekista alisoma wasifu wake kwa muda mfupi kuliko wimbo wa kutolea sadaka. Telesphor alizaliwa Mamba, kule Mpimbwe, akabatizwa, akasoma hadi darasa la nne, akafanya kazi reli hapa Mpanda, akaoa, akajaliwa watoto wawili, akastaafu, akalima, akaugua, akapumzika. Yote ni kweli. Mimi na kaka yangu Optatus ndio tuliomwandikia katekista. Lakini jeneza lilipokuwa linashushwa, shangazi yetu Marsela alisogea ukingoni mwa kaburi, akaliita jina la kaka yake kwa sauti ya kuvuta, kisha akasema, "Ndege wamelala." Watu wakatazamana. Wengi walidhani uchungu umemvuruga.

Haukumvuruga. Naandika ili ndugu na wanajumuiya waliokuja kutufariji wajue alichokuwa anasema, maana bila neno lile wasifu wa baba haujakamilika.

Kwetu Mpimbwe, mpunga ukianza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege wa kwelea hushuka juu yake kama wingu lililochoka kuruka. Watoto huwekwa kuamia, yaani kukaa shambani kufukuza ndege. Hujengwa dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, refu kumzidi mtu mzima. Mtoto hukaa juu yake na kombeo, vidonge vya udongo, na kamba iliyofungwa mikebe. Akivuta kamba, shamba lote linalia. Mzazi akishampandisha mtoto huondoa ngazi na kuilaza kwenye majani, asije akashuka kwenda kucheza. Na sheria ya zamani ilikuwa moja: aliye dunguni hashuki mpaka aitwe na yule yule aliyempandisha. Watoto walikuwa watundu. Mmoja huiga sauti ya mama wa mwenzake, mwenzake anaruka chini, ndege wanakula. Kwa hiyo kila mama alikuwa na mwito wake, na mtoto aliujua kama anavyojua harufu ya nguo za mama huyo. Jioni mama husimama pembeni ya shamba, huita, kisha husema, "Shuka, ndege wamelala." Ndipo ngazi inaposimamishwa tena.

Mama yake baba naye aliitwa Marsela. Asubuhi moja alimpandisha mwanawe dunguni, tumbo lake likiwa kubwa, akailaza ngazi, akasema, "Nitakuita." Akarudi nyumbani. Mchana uchungu ukamshika. Mtoto wa kike akazaliwa, mama akafa. Nyumba nzima ikawa kilio, na hakuna aliyekumbuka kwamba shambani kuna mtoto mwingine. Baba alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Alisikia zile kelele kutoka kijijini, akadhani watu wa mashamba mengine wamevamiwa na ndege, naye akavuta kamba yake kwa nguvu zaidi.

Jua lilipozama, baba yake mdogo alikuja kumchukua. Aliita, mtoto akakataa. Akasimamisha ngazi, mtoto akaukumbatia mti wa dungu kwa mikono na miguu. Ikabidi ambandue, ambebe begani mpaka nyumbani, mtoto akipiga mateke na kulia kwamba bado hajaitwa.

Haya sikuyajua mpaka mwaka jana. Maisha yangu yote nimeishi na mtu yule bila kujua kwamba sehemu yake moja imebaki juu ya miti, miguu ikining'inia, ikisikiliza.

Zamani nilidhani mtu akikua anauacha utoto nyuma, kama anavyoacha kituo gari likiondoka. Sasa naona miaka ya mtu ni kama magunia ghalani. Hakuna gunia linaloachwa nyuma. Kila mwaka unapangwa juu ya mwingine, na lile la kwanza kabisa, ambalo hakuna anayeliona tena, ndilo linalobeba yote.

Alipokuwa kijana alikuja Mpanda, akapata kazi reli. Wenzake walitusimulia kwamba siku moja mnyapara alimwambia alinde magunia kando ya behewa, akaondoka, akamsahau. Mvua ikanyesha. Asubuhi walimkuta amesimama pale pale, magunia ameyafunika kwa turubai na yeye mwenyewe ameloa kama samaki. Walimcheka wakampa jina la Breki, na hata alipozeeka walikuwepo waliomsalimia barabarani, "Shikamoo, mzee Breki." Aliitikia bila kukasirika.

Mama yetu naye alipenda kueleza jinsi alivyochumbiwa. Baba alipomtamkia, mama akamjibu kwa maringo ya kisichana kwamba asubiri afikirie. Akasubiri misimu miwili ya mvua. Walikutana kanisani kila Jumapili, wakasalimiana, na hakuuliza hata mara moja. Mama akawa anasema, "Nikaona huyu atazeekea pale. Nikamwita mwenyewe."

Alipopata watoto alibadilika kuwa kinyume chake. Hakuna siku aliyotuambia mimi na Optatus, "Nisubirini hapa." Hakutuma mtu atuchukue. Alikuja mwenyewe, na alikuja mapema. Nikiwa shule ya msingi, kengele ikilia yeye yuko chini ya ukingo wa bati, ameshika kofia yake ya reli. Wenzangu walinicheka. Nilipofika darasa la sita nilimwambia kwa hasira kwamba mimi si mtoto tena. Akasema, "Najua." Kesho yake alikuwa pale pale.

Baada ya kustaafu alinunua shamba la mpunga bondeni Kasokola. Jirani yake wa shamba alikuwa Mwandu, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, nao wakataniana tangu siku ya kwanza. Mpunga ulipotia maziwa, baba alipanda dunguni mwenyewe, mzee mzima mwenye mvi, huku wajukuu wakicheza nyumbani Kawajense. Mwandu akipita na ng'ombe wake humwita kutoka njiani, "Wewe Mpimbwe, ulizaa watoto wa kuweka kabatini?" Baba naye hujibu kutoka juu kwamba Msukuma achunge mikia ya ng'ombe wake, maneno ya mpunga awaachie wenye mpunga. Sisi tuliona aibu. Tulidhani ni ubahili wa kutotaka kumlipa mtu wa kuamia.

Mama yetu alipofariki, magunia yale ya miaka yakaanza kuondolewa, moja moja, kuanzia juu.

Kwanza yaliondoka majina ya wajukuu. Kisha uzee wenyewe ukaondoka, akawa anaamka alfajiri na kutafuta viatu vya reli. Kisha akawa kijana, akiniuliza kwa haya kama yule binti wa kwaya atakuja misa ya kwanza au ya pili. Nilimjibu misa ya pili, na uso wake ukang'aa. Nyumba yetu ikawa kama ndoto ambayo mtu mmoja anaiota na wengine wote tunaishi ndani yake. Tuliingia chumbani bila kujua tutamkuta nani: mchumba, mwanafunzi, au yatima. Wote walikuwa wapole. Wote walikuwa baba, na hakuna hata mmoja aliyenijua.

Siku moja nilimpelekea uji, akanyanyuka kitandani kwa adabu, akashika mikono yake pamoja, akaniambia, "Shikamoo."

Baba yangu mzazi. Nilitazama uji. Sikuona jibu jingine ambalo lisingemwogopesha, nikaitikia, "Marahaba," nikatoka, nikaenda jikoni nikashika ukuta. Tangu siku ile nilikuwa na ombi moja katika rozari yangu. Sikuomba apone. Niliomba aniite mwanawe, mara moja tu, kabla Mungu hajamchukua.

Sasa nifike kwenye siku ya tanki.

Nyuma ya nyumba, Optatus alikuwa amejenga jukwaa la mbao la kuwekea tanki la maji, refu kupita ukingo wa bati. Asubuhi hiyo aliegemeza ngazi ili aoshe tanki, akaingia ndani kutafuta brashi. Aliporudi, baba alikuwa amekaa juu kando ya tanki, miguu inaning'inia. Mabati ya Kawajense yalikuwa yanameta kwa jua mpaka mbali, yakitetemeka, na nadhani baba aliona mpunga.

Tulimwita. Akatutazama kwa upole, akatikisa kichwa. Optatus akapanda nusu ngazi akamwambia uji unapoa. Baba akamjibu kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia, "Sijaitwa."

"Si ninakuita mimi?"

"Wewe si mama."

Akashika nguzo ya jukwaa kwa mikono na miguu, na Optatus alipomgusa alipiga kelele hata majirani wakatoka. Mwandu, aliyekuwa amekuja mjini na maziwa, akaingia uani na baiskeli yake. Hakuuliza sana. Alipanda ngazi, akaketi upande wa pili wa mzee ili asianguke, akamwambia kwamba ndege wa leo ni wengi na Mpimbwe anasinzia. Baba hakujua huyu ni nani, lakini utani ulikuwa umekaa mahali pasipofikiwa na ugonjwa. Akajibu kwamba Msukuma ndiye ndege mkubwa kuliko wote. Kisha akauliza kamba yake iko wapi. Tukamrushia kamba ya kuanikia nguo na makopo matupu ya maziwa, Mwandu akayafunga kwenye kamba, na baba akawa anaivuta. Mlio ule ulisikika mtaa mzima, mwembamba, wa mbali, kama unatoka nchi nyingine. Waliopita barabarani walipunguza mwendo bila kujua kwa nini.

Optatus alipiga simu Mamba kwa Shangazi Marsela, ambaye baba alizoea kumwita Mama, akaweka sauti kubwa, akainua simu juu. Shangazi akaita. Baba alisikiliza, akageuka kwa Mwandu akamwambia kwamba kuna watu wanadanganya watoto kwa sauti ya kwenye mkebe. Mwandu akacheka hadi jukwaa likatikisika.

Nikaichukua simu. Ndipo shangazi aliponieleza, kwa mara ya kwanza, habari ya dungu, ya mama, na ya baba yake mdogo aliyembandua. Alizieleza polepole kama mtu anayetoa mwiba. Yeye ndiye yule mtoto aliyezaliwa siku ile. Walimpa jina la marehemu, ndiyo maana baba, aliyemlea pamoja na bibi yao, alimwita Mama maisha yake yote. "Msimshushe kwa nguvu," alisema. "Alishashushwa hivyo. Napanda gari la mchana."

Optatus alikuwa ameshaita vijana wawili wabeba mizigo wa sokoni, wamesimama na kamba. Jua lilikuwa kali, na midomo ya baba ilikuwa inapasuka. Mwandu alimnywesha maji kwa kikombe, lakini mikono ya mzee ilianza kulegea kwenye nguzo.

"Akianguka utasema nini, Suzana?" Optatus akaniuliza. "Utasema tulikuwa tunasubiri basi la Mamba?"

"Nitasema hatukumbandua."

"Atafia juu pale."

Nilikaa chini ya jukwaa nikaanza rozari, na makopo ya maziwa yalilia juu ya kichwa changu kati ya Salamu Maria moja na nyingine. Optatus alizunguka uwanja, akawalipa wale vijana nauli yao, akawaruhusu waende. Kisha naye akaja akaketi karibu yangu, akaanza kuitikia.

Shangazi alifika vivuli vilipokwisha kurefuka, kitenge kimejaa vumbi la njiani. Hakusalimia mtu. Alitazama jukwaa, akatazama ngazi iliyoegemea.

"Nyie mmeiacha ngazi imesimama siku nzima?"

Optatus akasema ndiyo, ili ashuke akitaka.

"Basi atajuaje kwamba anaitwa? Iondoeni."

Tukaiondoa, tukailaza kwenye majani. Mwandu, aliyekuwa bado juu, akalalamika kwamba hajawahi kuona Msukuma akiamishwa mpunga wa Wapimbwe bila hata kikombe cha chai. Baba akamwambia anyamaze, anasikiliza.

Nilimshika shangazi mkono. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama si dhambi kumwita mtu kwa sauti ya marehemu. Akaniuliza, "Kwani jina langu ni la nani?" Lakini hakuondoka. Niliona hofu yake. Akasema kwamba yeye hakuisikia sauti ya mama yake hata siku moja, na mwito ule hakuupata kwake. Aliupata kwa kaka yake, yaani baba. Alipokuwa na umri wa kuamia, kaka yake ndiye aliyempandisha dunguni, na jioni alisimama pembeni ya shamba akamwita kama yeye alivyokuwa akiitwa. "Hakunichelewesha hata siku moja," alisema. "Leo namrudishia chake. Kama nimekosea sauti, basi."

Akatoka nje ya geti, akalifunga. Tukasubiri. Kisha likafunguliwa tena, akaingia kama mtu anayetoka nyumbani, akasimama pembeni ya uwanja, karibu na bustani ya mchicha, akaita.

Siwezi kuuandika mwito ule. Jina la baba lilianza chini, likavutwa, likapanda taratibu, halafu mwishoni likainama kidogo, kama shingo ya mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Makopo yakanyamaza. Hata Mwandu alivua kofia.

"Shuka," shangazi akasema. "Ndege wamelala."

Baba aliachia nguzo.

Tukasimamisha ngazi. Alishuka kinyumenyume, unyayo mmoja ukitafuta kipago, kisha mwingine, kama wanavyoshuka watoto. Optatus alinyoosha mikono nyuma yake bila kumgusa. Alipofika chini alimwendea shangazi moja kwa moja, akasimama mbele yake, mzee aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima.

"Mama, umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Mtoto alinichelewesha."

"Mtoto gani?"

"Niliyemzaa leo. Wa kike."

Baba akafikiri. Jua lilikuwa limeshika vilele vya nyumba tu, na chini tulipokuwa palikuwa na rangi ya maji ya mpunga.

"Mzima?"

"Mzima," shangazi akasema. Ndipo machozi yake yalipotoka, ya mwanamke wa zaidi ya miaka sabini aliyeulizwa hali yake na mtu aliyempoteza mama kwa ajili yake.

"Basi sawa," baba akasema. "Nina njaa."

Alikula wali na maharage, akamaliza sahani, akalala. Hakutafuta viatu tena alfajiri, wala hakuzunguka vyumba. Padri alikuja akampa Mpako wa Wagonjwa, na baba alimtazama kama mtoto anayepakwa mafuta baada ya kuoga. Shangazi alibaki nasi. Mwandu alikuwa akija na maziwa, akidai ujira wake wa kuamia, na mzee alitabasamu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza kuusikia utani huo.

Mimi niliendelea na ombi langu, ingawa kwa aibu kidogo, kwa kuwa nilishaona jambo kubwa kuliko hilo.

Alifariki Jumapili. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nikisubiri shangazi arudi kutoka misa ya kwanza. Dirisha lilikuwa wazi, na mwanga uliingia na vumbi jembamba likielea ndani yake. Alifumbua macho. Hakuwa mtoto wala kijana wa reli. Sijui alikuwa na umri gani. Alinitazama kwa muda, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto ameketi vizuri na hataanguka.

"Mwanangu," alisema. "Kaa hapa. Nitakuita."

Neno hilo la "Nitakuita" hakuwahi kutuambia, mimi wala Optatus, maisha yake yote. Lilikuwa limebaki dunguni, na nadhani aliliogopa. Sasa alilitoa bila woga, kwa sauti ya mtu ambaye naye aliambiwa hivyo, akangoja, na mwishowe akaitwa kweli. Alipumua mara chache tena, kila pumzi mbali zaidi na iliyotangulia.

Jina langu hakulitaja. Nilisikia tu, au niliota, mtu akilaza ngazi kwenye majani kwa uangalifu, kisha hatua zake zikipungua kwenye njia ya nyumbani. Mimi nimebaki huku juu. Ndege ni wengi, na kamba ninayo mkononi.